Gumba Linapouma Shinani: Splinti, Mazoezi na Namna ya Kushika Vitu

Mama mmoja mshonaji wa Tandika alikuja kwangu na splinti tatu, vile vifaa vya kuvaa mkononi vya kushikilia gumba, kwenye kikapu. Moja aliinunua duka la dawa, ya pili aliletewa na mwanawe aliyesafiri, ya tatu aliachiwa na jirani. Zote zilikuwa safi kama zimetoka dukani asubuhi hiyo. "Nimezivaa mwanangu, hazina kazi," akasema. Nikampa kalamu aweke sahihi kwenye daftari. Akaibana kwa ncha ya gumba na ncha ya kidole cha shahada mpaka ukucha ukawa mweupe, na kule chini, karibu na kifundo cha mkono, mfupa ukachomoza pembeni kama kigongo kidogo. Jina halijafika mwisho, tayari alikuwa amekunja uso mara mbili.

Tangu siku ile, nikiulizwa splinti gani ni nzuri, huanza kwa kuuliza mtu anashikaje vitu. Mimi ni mtaalamu wa tiba kwa vitendo, wengine huiita tibakazi, na shughuli yetu ndiyo hiyo: kiungo kinauma, kazi haiwezi kuachwa, tufanyeje? Huu hapa ndio utaratibu ninaoufuata na wagonjwa wangu hapa Dar es Salaam, kuanzia siku ya kwanza mpaka miezi mitatu hivi.

Hatua ya 1: Hakikisha panapouma ni shinani

Weka mkono juu ya meza kama unayetaka kumpa mtu salamu. Kwa kidole cha mkono wa pili, fuata mfupa wa gumba kuanzia ukucha. Pita jointi ya kwanza, pita ya pili, shuka mpaka pale mfupa unapoingia kwenye kiganja, juu kidogo ya kifundo. Hapo ndipo. Mifupa miwili inakutana kwa umbo la tandiko la farasi, mmoja umemkalia mwenzake, ndiyo maana gumba linaweza kutanuka, kujikunja na kuzunguka mpaka likagusa kila kidole.

Uhuru huo unalipiwa. Hesabu za wataalamu zilizochapishwa mwaka 1977 zilionyesha kwamba ukibana kitu kwa nguvu ya kilo 1 kwenye ncha ya gumba, jointi ya shinani hubeba takriban kilo 12. Sasa fikiria mtu anayebana kibanio cha nguo, sindano, ufunguo, uzi na kifuniko cha chupa mara mia kwa siku kwa miaka thelathini.

Mtaani utaambiwa "mafuta ya jointi yameisha". Si hivyo hasa. Kilichopungua ni gegedu, lile tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, na mara nyingi kano zinazofunga mifupa hiyo zimelegea pia, hivyo mfupa wa gumba unateleza kutoka kwenye tandiko lake kila unapobana. Huwapata zaidi wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na wale waliowahi kuvunjika au kuteguka sehemu hiyo. Maumivu huja ukibana au ukisokota: kufungua kopo, kugeuza ufunguo, kukamua nguo. Baadaye gumba linaanza kusogea kuelekea kiganjani na kushindwa kutanuka kuzunguka glasi kubwa.

Si kila gumba linalouma lina tatizo hili. Maumivu yakiwa upande wa kifundo, juu ya kano inayoelekea kwenye gumba, na hasa kama wewe ni mama unayemnyanyua mtoto mchanga mara kwa mara, huenda ni ala ya kano iliyovimba, na splinti yake ni tofauti. Gumba linalokwama likikunjwa kisha linaruka kwa kishindo lina tatizo la kano kukwama. Ganzi ya usiku kwenye gumba, shahada na cha kati inaashiria neva iliyobanwa kifundoni. Vidole vya mikono yote miwili vikivimba kwenye vifundo na kukakamaa asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, nenda kapimwe baridi yabisi, maana hiyo ina dawa zake na kuchelewa kunaharibu viungo.

Kuna mawili ya kukimbilia hospitali siku hiyohiyo. La kwanza, jointi imekuwa nyekundu, ya moto, imevimba na una homa. La pili, ulianguka ukajikinga kwa mkono na sasa panauma kwenye kishimo kinachotokea ukinyoosha gumba, pale wavuta ugoro wanapoweka ugoro wao. Kuna mfupa mdogo hapo ambao ukivunjika picha ya kwanza inaweza isiuonyeshe.

Hatua ya 2: Ukapimwe, na ujue wa kumwomba

Anza na zahanati au kituo cha afya kilicho karibu ili upate rufaa. Hospitali za rufaa za mkoa za Amana, Temeke na Mwananyamala zinaweza kukupiga picha. Juu yake kuna Taasisi ya Mifupa ya MOI pale Muhimbili. Hospitali ya CCBRT, Msasani, nao wana huduma za utengamao, yaani kumrudishia mtu uwezo wa kufanya shughuli zake. Ukifika dirishani usiseme tu "nataka mazoezi", kwa sababu utapelekwa foleni ya mgongo na magoti. Uliza: "Kuna mtaalamu wa tiba kwa vitendo anayetengeneza splinti za mkono?" Wataalamu hawa si wengi nchini, kwa hiyo piga simu kwanza uulize siku zao. Kama unatumia bima, uliza pia kabla ya kutengenezewa kama kifaa chenyewe kimo kwenye kifurushi chako au ni huduma tu.

Kuhusu picha ya eksirei: daktari atakwambia uko ngazi ya 1, 2, 3 au 4. Usitishike nayo. Nimewaona watu wa ngazi ya 4 wanaofua bila shida, na wa ngazi ya 1 wanaolia kwa kugeuza ufunguo. Picha inaonyesha mfupa, haipimi maumivu wala haionyeshi unavyoshika mwiko.

Siku ya miadi beba vifaa vyako. Nasema kweli, beba. Mshonaji alete mkasi, msusi alete kitana, fundi alete bisibisi, mama wa nyumbani alete kisu chake cha kumenyea. Dakika tano za kukutazama ukikitumia zinaniambia mengi kuliko maelezo ya nusu saa.

Hatua ya 3: Daftari la siku tatu

Kabla ya splinti yoyote, kwa siku tatu andika (au mwambie mjukuu akuandikie, au jirekodi sauti kwenye simu) kila mara gumba linapokukata. Andika ulikuwa unafanya nini na maumivu ni mangapi kati ya 0 na 10. Usiandike riwaya. "Saa mbili asubuhi, rigulata ya gesi, 7." "Saa nne, kumenya viazi, 5." "Jioni, kutuma pesa kwa simu, 4."

Siku ya tatu soma ulichoandika. Karibu kila mtu hugundua kwamba maumivu yake hayatoki kwenye kazi ishirini, yanatoka kwenye nne au tano zinazojirudia. Hizo ndizo za kuanza nazo.

Hatua ya 4: Badili mshiko

Nitakaa hapa kwa muda, kwa kuwa hapa ndipo watu wanapoacha kunisikiliza, wakiwa na haraka ya kufika kwenye splinti.

Kanuni yenyewe ni nyepesi: pale ambapo ncha ya gumba inafanya kazi, jaribu kuihamishia kiganjani, kwenye mkono mzima, au kwenye kiwiko. Na kitu chembamba kifanye kinene, maana kadiri mpini unavyokuwa mwembamba ndivyo unavyolazimika kubana zaidi.

Twende jikoni. Nazi ndiyo adui wa kwanza. Ukikaa kwenye mbuzi, magumba mawili yanatanuka juu ya kifuu yakisukuma na kuzungusha kwa wakati mmoja, na hakuna mkao mbaya kuliko huo kwa jointi hii. Sokoni kuna mashine za kukunia, na sioni aibu yoyote kuzitumia. Ikibidi ukune mwenyewe, shika kifuu kwa viganja, magumba yalale pembeni pamoja na vidole vingine, ukune nusu kisha upumzike. Tui nalo lisikamuliwe kwa kusokota kifumbu au kitambaa. Weka nazi kwenye chujio pana juu ya bakuli, kisha kandamiza kwa kitako cha kikombe kizito ukitumia kiganja na uzito wa bega. Utapata tui la kwanza zito bila kusokota chochote. Bibi zetu wangecheka. Waache wacheke.

Mwiko wa ugali uwe mnene. Ukiwa nao tayari mwembamba, nenda kwa mafundi wa AC uwaombe kipande cha ile sponji nyeusi wanayovalisha mabomba. Inauzwa kwa urefu, ina tundu katikati, inaingia kwenye mpini wa mwiko, kisu, mswaki, hata kalamu. Kwenye vitu vinavyopata moto au mafuta, sponji huoza upesi. Huko zungusha tyubu ya baiskeli iliyokatwa utepe, uivute wakati wa kuzungusha ili ijibane, mwisho funga kwa uzi. Wakati wa kusonga, shika mwiko kwa ngumi kama anayetwanga kisamvu, si kama anayeshika kalamu, na kama sufuria inazunguka, mtu aishike kwa koleo badala ya wewe kuizuia kwa mkono wa pili.

Kumenya viazi au ndizi mbichi, kata pande mbili kwanza kitu kikalie kibao, kisha menya kuelekea chini kwenye kibao. Ile staili ya kumenyea hewani, kisu kikija kwenye gumba, iache. Kifuniko cha chupa au kopo, weka kipande cha mpira juu yake, kandamiza kwa kiganja na zungusha kutoka begani. Rigulata ya gesi vilevile: sukuma swichi kwa upande wa ngumi.

Kufua. Wengi wetu tunafua kwa mkono, na kinachoumiza zaidi si kusugua, ni kukamua. Kandamiza nguo kwenye ukuta wa beseni kwa viganja vyote viwili, uianike inavyochuruzika. Jua la Dar litafanya lililobaki. Mashuka na majinzi mpe mwenye mikono mizima. Vibanio vya chuma vyenye springi ngumu vitupe, tumia vile vya plastiki laini, au anika kwa kuning'iniza. Na deki: tambara la kusokota libadilishe kwa mopu ya kukandamiza na mguu, au beba tambara likichuruzika mpaka kwenye ndoo nyingine ulikandamize.

Ndoo ya maji yenye mkono mwembamba wa waya inakata kila kitu. Valisha mkono huo kipande cha hosi kilichopasuliwa kwa urefu. Vidumu viwili vya lita 10 ni afadhali kuliko ndoo moja ya 20, na kikapu cha sokoni kikae kwenye kiwiko au begani.

Simu. Watu wazima wanashangaa nikiitaja, vijana wanaitikia kwa kichwa. Iweke mezani au juu ya mto, andika kwa shahada, au tuma ujumbe wa sauti. Gumba linalotelezesha kioo saa tatu kwa siku linafanya kazi ya kibarua.

Kwa wasusi sina dawa nzuri, lazima niseme ukweli, kwa kuwa kusuka ni kubana na kubana ndiyo kusuka. Ninachoweza kushauri ni kupanga siku: asisuke vichwa viwili vya rasta ndogondogo mfululizo, apumzike dakika 5 kila nusu saa akiwa ametanua vidole, na splinti yake iache ncha ya gumba huru. Mshonaji ana nafuu zaidi. Mkasi wake uwe mkali, taya la chini lisukumwe likiwa limekaa mezani badala ya kuelea hewani, na ukipatikana wenye springi unaojifungua wenyewe, nusu ya kazi ya gumba imeondoka. Chaki ya kukatia ifungwe karatasi mpaka inenepe.

Hatua ya 5: Splinti yenyewe

Kwanza tuondoe ile isiyofaa. Maduka mengi ya dawa huuza mshipi laini wa kifundo wenye tundu la kupitishia gumba. Unavutia, ni wa bei nafuu, na haushiki jointi tunayoizungumzia hata kidogo, maana gumba limepita tu kwenye tundu kama mtu aliyechungulia dirishani. Splinti inayofaa lazima izunguke mfupa wa gumba kuanzia shinani mpaka karibu na jointi ya katikati, na iache jointi ya ukucha ijikunje.

Kuna za aina tatu utakazokutana nazo. Fupi ya plastiki ngumu, inayokaa kiganjani tu na kuacha kifundo huru: hiyo ndiyo naipendelea kwa kazi za mchana. Ndefu inayopita kifundo na kupanda mkononi, kwa wenye maumivu makali au wenye tatizo la kifundo pia, na hii hufaa zaidi usiku. Ya tatu ni laini ya neopreni, kitambaa cha mpira kama kile cha wapiga mbizi. Haishiki kwa nguvu kama plastiki lakini watu huivaa, na splinti inayovaliwa ni bora kuliko iliyo kabatini. Tatizo lake hapa ni joto. Januari na Februari mkono unatota jasho ndani, ngozi inalainika na kuwasha. Ukiichagua, nunua mbili ubadilishe.

Inavyotengenezwa ya plastiki ni hivi. Nachora mkono wako kwenye karatasi ya tishu, nakata patroni kama fundi cherehani, naijaribisha mkononi kwanza. Kisha nakata bamba la plastiki maalumu, unene wa milimita 1.6 au 2.4, nalizamisha kwenye sufuria ya maji ya nyuzi 65 hadi 70. Baada ya dakika moja hivi linalegea kama chapati iliyotoka kwenye kikaango. Nalitoa, nalikausha kwa taulo, nalijaribu kwanza kwenye ngozi ya mkono wangu mwenyewe, kisha nalilaza juu ya wako. Hapo nina dakika tatu au nne kabla halijakakamaa.

Katika dakika hizo wewe una kazi moja: shika kikombe cha chai kisichokuwepo. Gumba litanuke mbele ya kiganja kama linazunguka kikombe, jointi ya katikati ikunjike kidogo, mabega yashuke. Mimi nakandamiza taratibu pembeni ya shina la gumba, pale kigongo kinapochomoza, ili mfupa urudi kwenye tandiko. Ukinyoosha gumba kwa hofu wakati huo, splinti itatoka na umbo la hofu yako na tutaanza upya.

Wengine jointi yao ya katikati imezoea kupinda kinyume, gumba likibana linafanya umbo la Z. Kwao lazima splinti ipande na kuizuia jointi hiyo pia, la sivyo nguvu zinarudi palepale shinani. Mwambie mtaalamu akutazame ukibana kabla hajakata patroni.

Kingo zote zikunjwe nje na ziwe laini. Nilipoanza kazi niliwahi kumruhusu mzee mmoja aondoke na ukingo mkali karibu na mstari wa kiganja kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Alirudi baada ya wiki na kidonda, na ana kisukari. Kosa langu kabisa. Sasa hakuna anayetoka kabla hajakaa na splinti nusu saa kwenye benchi.

Nawe nyumbani pima vivyo hivyo. Vaa dakika 30, vua, tazama ngozi. Wekundu unaofutika ndani ya dakika 20 hauna neno. Usipofutika, au ukitokea juu ya mfupa, au vidole vikifa ganzi au kubadilika rangi, iache na uirudishe irekebishwe. Usiipashe moto mwenyewe kwenye jiko. Na ukijaribishwa kukata bomba la plastiki ulipashe moto ulifinyange juu ya mkono, usithubutu: bomba hilo huhitaji joto linalounguza ngozi.

Ratiba ninayoanza nayo: siku mbili za kwanza vaa kwa muda wa saa moja asubuhi na muda wa saa moja jioni, kisha ongeza. Baada ya wiki, ivae kwa zile kazi nne au tano za kwenye daftari lako, na usiku kama maumivu yanakuamsha. Usiivae saa 24. Misuli isiyofanya kazi hunywea, na gumba litategemea plastiki. Wakati wa kupika au kuingiza mkono kwenye maji ya kufulia, ama ivue au vaa glavu juu yake.

Usafi ni kwa maji ya bomba, sabuni na mswaki wa zamani, kila siku. Usitumie maji ya moto. Usiiache kwenye dashibodi ya gari wala dirishani penye jua, itajikunja. Bajaji nazo zimeninyang'anya splinti tatu mwaka huu, zote ziliachwa mbele kwenye kioo.

Je, zinasaidia kweli? Utafiti wa Ufaransa uliochapishwa 2009, wenye wagonjwa 112 waliovaa au kutovaa splinti ya usiku, haukuona tofauti baada ya mwezi 1, lakini baada ya miezi 12 waliovaa walikuwa na maumivu kidogo na mikono iliyofanya kazi vizuri zaidi. Utafiti mkubwa wa Uingereza wa 2021 ukaja na jibu lingine: watu waliokwisha kufundishwa vizuri mazoezi na kujitunza, kuwaongezea splinti hakukubadilisha kitu baada ya wiki 8. Mapendekezo ya 2018 ya wataalamu wa magonjwa ya viungo wa Ulaya bado yanaitaja splinti, na yanasema ivaliwe kwa muda mrefu. Mimi nasoma yote hayo hivi: mwenye pesa ya kitu kimoja tu, alipie kufundishwa. Mwenye uwezo wa viwili, aongeze splinti na asiihukumu kabla ya miezi mitatu.

Hatua ya 6: Mazoezi ya kila siku

Kwanza ule mpira wa kubinya ulionunuliwa barabarani, mpe mtoto achezee. Kubinya kwa nguvu ndiko kulikokuleta hapa.

Anza na maji ya uvuguvugu kwenye beseni, dakika 10. Kisha tafuta nyama iliyo kati ya gumba na shahada. Kwa wenye tatizo hili huwa imekaza kama kamba, inalivuta gumba ndani. Ibane taratibu kwa vidole vya mkono wa pili, usugue kwa duara mpaka ilegee, dakika 2 hivi. Watu wanaliruka hili kwa kuwa halifanani na zoezi, lakini lisipofanyika mengine hayana nafasi.

Pili, herufi C. Gumba na vidole vizunguke glasi pana, kisha ondoa glasi umbo libaki. Shikilia kwa hesabu ya 5 hadi 10, pumzika, mara 10. Jointi ya katikati isipinde kinyume. Ikipinda, tumia glasi ndogo.

Tatu, msuli wa upande wa shahada, ambao kazi yake mojawapo ni kuvuta mfupa wa gumba ukae vizuri kwenye tandiko. Laza kiganja mezani, gumba limetulia. Telezesha shahada kuelekea upande wa gumba, huku kidole cha mkono wa pili kikiizuia. Hesabu 5, mara 10. Baada ya wiki mbili unaweza kufunga mpira wa pesa kuzunguka shahada na cha kati badala ya kuzuia kwa mkono.

Nne, gusisha ncha ya gumba kwenye ncha ya kila kidole ukitengeneza duara zuri kama O, bila kukandamiza. O ikigeuka yai, umechoka, acha.

Maumivu madogo wakati wa zoezi yanaruhusiwa. Yakibaki zaidi ya saa 2 baadaye, kesho punguza nusu.

Dawa, sindano na kisu

Hapa nitapita haraka, ni eneo la daktari. Jeli ya diklofenaki ya kupaka ndiyo ya kuanzia, na inaingia vizuri kwa kuwa jointi hii iko karibu na ngozi. Vidonge vya jamii hiyo vinywewe kwa muda mfupi, na ukiwa na vidonda vya tumbo, presha au figo, uliza kwanza. Tabia ya kwenda dukani kuchomwa sindano ya diklofenaki kila wiki ni mbaya. Vidonge vya maungio visivyo na lebo, vinavyoondoa maumivu usiku mmoja, viogope zaidi, maana huwezi kujua kama vimechanganywa na steroidi, dawa kali za kutuliza uvimbe. Sindano ya steroidi ndani ya jointi hutuliza wengine kwa muda, ila mapendekezo ya Ulaya hayaitaki iwe kawaida. Upasuaji upo, na mara nyingi huondoa ule mfupa mdogo wa chini wa tandiko. Unapunguza maumivu vizuri, lakini mkono huchukua miezi kurudi, kwa hiyo huachiwa waliojaribu haya mengine kwa dhati yakashindikana.

Hatua ya 7: Rudi baada ya wiki sita

Rudi na daftari, rudi na splinti hata kama unaona iko sawa. Mikanda hulegea, mkono uliokuwa umevimba hupungua, na pengine inatakiwa kukatwa iwe fupi zaidi. Rudia siku tatu za kuandika, tulinganishe namba.

Yule mama wa Tandika alirudi na splinti moja tu, ile tuliyomtengenezea, mikanda imekuwa ya bluu kwa chaki ya kukatia na kuna nyuzi zimenasa pembeni. Mkasi ulikuwa umeshuka kutoka 7 hadi 3. Rigulata ya gesi ilikuwa bado 6. Nikamwambia kesho aje nayo.